Jalada la Daktari Kijana: Umefanya Nini, na Nani Alikuona?

Mzazi wa Bariadi, Maswa au Meatu aliyeuza ng'ombe na pamba ya misimu kadhaa ili mwanawe asomee udaktari, hudhani safari imekwisha siku kijana anapovaa joho. Miaka mitano ya chuo, mwaka mmoja wa utarajali, kisha usajili katika Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa anayetaka kuwa daktari bingwa wa upasuaji, hapo ndipo anapofika mlangoni, na mlangoni pana usaili.

Njia ni mbili. Ipo shahada ya uzamili katika vyuo vikuu kama Muhimbili, au CUHAS kilichoko Bugando, Mwanza, ambacho ndicho kilicho jirani nasi. Ipo pia njia ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, yaani COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao makuu Arusha. Hiki hakina madarasa: mwanafunzi hujifunzia katika hospitali iliyoidhinishwa, miaka miwili ya awali, kisha miaka ya ubingwa. Kokote aendako, kijana ajiandae kuulizwa amefanya nini kwa mikono yake, na nani alimwona akifanya. Jalada analoingia nalo ndilo jibu.

Swali hilo si geni katika Uislamu. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara. Na mwaka 319 Hijria, sawa na 931 Miladia, mgonjwa alifariki Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru asitibu mtu mpaka atahiniwe na Sinan bin Thabit. Wanahistoria wanataja watahiniwa zaidi ya 860.

Moyo wa jalada ni daftari la upasuaji. Kila kazi iandikwe siku ile ile: tarehe, hospitali, umri wa mgonjwa, ugonjwa, upasuaji uliofanywa, matokeo yake, na saini ya msimamizi. Muhimu kuliko yote ni nafasi ya kijana mwenyewe. Je, alitazama, alisaidia, alifanya akisimamiwa, au alifanya peke yake? Sisi makatibu wa misikiti tunaijua adha ya muhtasari unaoandikwa mwezi mmoja baada ya kikao. Kila mjumbe anakumbuka lake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani imeshughulika na kuandika deni na kuweka mashahidi, wala haikudharau deni dogo. Basi kijana asione haya kuandika ngiri, busha na upasuaji wa uzazi aliosaidia usiku wa manane katika hospitali ya wilaya.

Hapa ndipo penye mtihani. Wapo wanaoongeza idadi, aliyesaidia akajiandika kuwa ndiye aliyepasua. Msaili aliyekaa miaka katika chumba cha upasuaji huchagua mstari mmoja tu na kuuliza: ngiri hii ilikuwa upande gani, ulikuta nini ndani, uliifungaje? Lakini tuseme hakuuliza. Kijana akapita, na kesho mama wa Itilima akalazwa mezani mbele ya mtu aliyeaminiwa kwa kazi ambazo hakuzifanya. Huo ni ushahidi wa uongo, na anayeulipia ni mgonjwa.

Jina la mgonjwa lisiingie jaladani, wala picha yake. Namba ya faili yatosha. Sitara ya Muislamu haiondoki kwa kulala kaputi.

Wasaili hupenda pia kuona kijana aliyeipima kazi ya wodi yake: vidonda vingapi viliota usaha katika miezi mitatu, nini kikabadilishwa, na baada ya mabadiliko hali ikawaje. Asidhani mambo hayo ni ya hospitali kubwa tu. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, na pamoja na London na Seattle ilikuwamo Ifakara yetu. Anayefanya kazi Nyaumata, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu, ana la kupima na la kuandika.

Yaliyobaki ni mepesi: vyeti, leseni hai, wasifu mfupi, na barua za wadhamini waliomwona akifanya kazi. Mkubwa wa wizara asiyemjua hana la kushuhudia. Wazazi, msikitupe cheti chochote kilichomo sandukuni, na msimharakishe kijana kwa madai ya nyumba na mahari katika miaka hii. Mwenye binti anayetaka njia hii asimzuie. Mama zetu wangapi huficha uvimbe wa titi kwa kuona haya mbele ya daktari mwanamume?

Usaili ni kwa Kiingereza, na vijana wetu wengi hujikwaa katika kusema, si katika kujua. Kamati ya msikiti inaweza kutoa chumba cha madrasa baada ya Isha, ikamwomba daktari mmoja na mwalimu mstaafu wakae mezani na jalada mbele yao, wamuulize kijana mstari kwa mstari.