Silaha ni siri, stakabadhi zisiwe

Katoni za karatasi zikishushwa kwenye stoo ya wizara yoyote pale Harambee Avenue, mtunza stoo hazipokei hivi hivi. Anazihesabu, anazilinganisha na hati ya kuagizia bidhaa, yaani LPO, kamati ya ukaguzi na upokeaji inatia sahihi, kisha fomu ya S13 inajazwa na mzigo kuingizwa kwenye leja. S13 isipokuwepo, mhasibu anarudisha faili. Kila karani wa serikali jijini Nairobi anaujua utaratibu huo.

Sasa shika Barabara ya Ngong, uiache Ulinzi House upande wa Hurlingham, uende hadi Karen. Huko ndiko kilikojengwa Nexus, kituo cha mawasiliano ya kijeshi, kwa mkataba wa mwaka 2002 na kampuni ya Nedermar. Kilimeza mabilioni ya shilingi, na habari zake zilipofika magazetini kilikuwa kimekaa bure. Mkataba wake ulikuwa mmoja kati ya ile 18 ya usalama iliyozua kashfa inayojulikana kwa jina la Anglo Leasing.

Kinachoniuma zaidi katika kashfa ile ni kwamba karatasi zilikuwepo, tena nyingi. Ila zilikuwa za kumlinda muuzaji: mikataba yenye sahihi kamili, hati za ahadi ya malipo zisizoweza kufutwa, na maoni ya kisheria yaliyothibitisha kuwa serikali imejifunga. Ndizo zilizotubana mahakamani ng'ambo, na Mei 2014 Kenya ikatoa takriban shilingi bilioni 1.4 kuwalipa wadai wawili ili ipate kwenda kuuza Eurobond. Karatasi za kumlinda mnunuzi, zinazoeleza nini kitaletwa, lini, kitapimwa vipi na nani atatia sahihi kwamba kimefika, ndizo zilizopungua.

Angalia meli ya KNS Jasiri. Mkataba na kampuni ya Euromarine ulitiwa sahihi Julai 2003, bei ikiwa takriban shilingi bilioni 4.1. Meli ilijengwa Uhispania, malipo yakasimamishwa, ugomvi ukazuka kuhusu bei, na chombo kikabaki huko huko. Kilitia nanga Mombasa mwaka 2012. Kwa miaka kenda Jeshi la Wanamaji lililinda bahari bila meli ambayo mlipa kodi alikuwa ameanza kuilipia.

Marekani nao wana kashfa zao za silaha, lakini katika jambo hili wana desturi tunayoweza kuiga kesho asubuhi. Mkataba wa jeshi lao huambatanishwa na fomu iitwayo DD 1423. Kila hati ambayo muuzaji anadaiwa ina nafasi yake humo: jina lake, namba ya maelezo sanifu yanayosema iandikwe vipi na iwe na nini ndani, ofisi itakayoikagua, tarehe ya kuiwasilisha, na nani apewe nakala. Ripoti ya majaribio, michoro, orodha ya vipuri, kitabu cha fundi, vyote vinadaiwa kama vile injini inavyodaiwa. Afisa aliyesaini akihamishwa au akistaafu, anayemrithi anaikuta orodha mahali pake.

Manufaa yake hayaishii kwa mkaguzi. Jeshi letu la Wanahewa limerusha ndege za F-5 tangu 1978, na baadaye likanunua nyingine zilizotumika kutoka Jordan. Ndege iliyotumika huja na historia: injini imezunguka saa ngapi, kipuri gani kilibadilishwa na lini, ufa gani uliwahi kuzibwa. Fundi asipopewa kumbukumbu hizo, ama anaizuia ndege chini, ama anamruhusu rubani kijana apae kwa kubahatisha. Ninaposikia kwamba makaratasi ni kazi ya makarani, namfikiria rubani huyo.

Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaviruhusu vyombo vya usalama kuwa na orodha ya siri ya bidhaa, inayokubaliwa na Baraza la Mawaziri. Sina ugomvi na hilo. Al-Shabaab hawapaswi kujua tuna makombora mangapi. Sheria hiyo hiyo inamtaka afisa mhasibu atunze kumbukumbu za ununuzi kwa miaka isiyopungua sita baada ya mkataba kukamilika. Kwa madawati inatosha. Kwa ndege itakayoruka miaka 40, ni kama kutupa kadi ya kliniki mtoto akiwa bado ananyonya.

Orodha sanifu ya hati haifichui silaha yoyote. Inaweza kuchapishwa ikiwa tupu, Wakenya wote waione, kisha ijazwe kwa siri kwa kila mkataba, na nakala iende kwa Mkaguzi Mkuu na kwa kamati ya Bunge ya ulinzi. Sehemu ya malipo izuiliwe hadi kila hati ifike na kukaguliwa. Muuzaji atakayekataa sharti hilo tumkatae kabla ya kutia sahihi, wakati pesa bado ziko Hazina.