Mafia Hakunanga Mlima, Buda

Cheki mbogi yoyote ikishuka Ngong Hills Jumapili jioni. Kabla msee aguse maji, ashatuma picha ya saa yake kwa grupu: hatua ngapi, mita ngapi za kupanda, roho ilidunda aje. Kwa mlima hiyo stori hubamba. Saa za bei huwa na barometa, na presha ya hewa ikishuka zinashika rada kuwa unapanda.

Sasa panda boti Nyamisati na hiyo saa yako, ushukie Kilindoni, kisiwani Mafia. Kisiwa kimetambaa karibu kilomita 50, na kote ni tambarare. Hesabu ya kupanda italala hapo chini siku nzima, saa ikuone mvivu. Lakini ingia mchanga laini uone ngori. Watafiti walishapima: kutembea mchangani hula nguvu mara mbili na zaidi kuliko kwa njia ngumu. Hesabu ya hatua haioni hiyo. Hatua zinahesabiwa na kadude ndani ya saa kanasikia mtikiso wa mkono, basi. Lami ya Utende na mchanga wa pwani, kwake ni hatua tu.

Na mkono ukitulia saa inakunyima hatua. Mathee wa Jibondo, kisiwa jirani, anasaka pweza kwa mwamba, ameinama, anaenda mos mos na kijiti chake, jua limemkalia mgongoni. Mvalishe saa yako uone: itamwambia asimame atembee kidogo. Maze, matusi!

Halafu hii dini ya hatua 10,000. Ilianzia Japani 1965, kampuni ya Yamasa ikiuza kifaa cha kuhesabu hatua kinaitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa biashara, si daktari. Utafiti wa Marekani uliotoka 2019 uliangalia kina mama wazee: wenye walifikisha karibu 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wale wa 2,700, na ikifika 7,500 hivi faida ikatulia. So usizunguke chumba cha gesti usiku ukitafuta hatua 300 zimebaki. Lala.

Mimi sisemi utupe saa. GPS yake inashika hata bila bando, bora upakue ramani ukiwa bado Dar. Ukitoka baharini isuuze na maji baridi ya bomba, juu chumvi hula sehemu ya kuchajia. Lakini Mafia namba ya kwanza ni maji. Mwezi ukiandama ama ukiwa mpevu ni bamvua: bahari inatoka mbali sana, halafu inarudi ikiwa imejaa. Katikati ni maji mafu, hapo mambo poa. Kati ya kupwa na kujaa ni kama saa sita, na kila siku maji yanachelewa dakika 50 hivi. Tembea kuelekea nje ukiangalia hatua pekee, utarudi ukiogelea na simu kichwani.

So weka kengele ya kurudi kabla maji yageuke. Na kabla utoke, mtafute mvuvi mzee pale ufukweni. Anza na shikamoo, hapa si Umo, halafu muulize, "Babu, leo maji yanajaa saa ngapi?" Jibu lake ndilo uweke kwa saa.