Milima Haikutani: Nasaba ya Wimbo wa Kuagana

Oktoba iliyopita nilialikwa kwenye mahafali ya kidato cha nne hapa Kingolwira, Morogoro. Jua lilipoanza kuelekea milima ya Uluguru, mpiga kinanda aligusa mahadhi ambayo karibu kila mtu anayajua. Wahitimu wakashikana mikono, wakafanya duara, na kina mama chini ya turubai wakaanza kujifuta machozi kwa ncha za khanga. Babu mmoja aliyekuja kumwona mjukuu wake akanigusa bega: "Mwalimu, wimbo huu wa kuagana aliutunga nani?"

Jibu ni refu, kwa kuwa wimbo huu una nasaba mbili: ya maneno na ya mahadhi.

Tuanze na maneno. Jina la wimbo huu kwa Kiskoti ni Auld Lang Syne, yaani siku za kale. Mwaka 1711 James Watson alichapisha Edinburgh shairi la zamani lililobeba maneno hayo. Mwaka 1788 Robert Burns, mshairi aliyezaliwa katika nyumba ya mkulima, alimpelekea mchapishaji James Johnson beti zake. Baadaye alieleza kwamba aliupata wimbo huo kwa kumsikiliza mzee akiimba, ingawa mkono wa Burns mwenyewe unaonekana wazi katika baadhi ya beti. Kitabu cha Johnson chenye beti hizo kilitoka mwishoni mwa 1796, miezi michache baada ya Burns kufariki akiwa na miaka 37.

Lakini mahadhi ya kitabu kile siyo haya tunayoyaimba. Haya yetu yanatoka katika ukoo wa nyimbo za kuchezea ngoma za Scotland. William Shield alitumia mahadhi yanayofanana nayo katika opera yake ya Rosina, London, mwaka 1782. Aliyeyafungisha ndoa na maneno ya Burns ni mchapishaji George Thomson, mwaka 1799. Burns hakuiona ndoa hiyo.

Ndoa iliwezekana kwa sababu ya mizani. Anayejua tenzi ataelewa upesi: kila kipande kina mizani 8, kwa hiyo utenzi mmoja unaweza kughaniwa kwa mahadhi ya Lamu leo na ya Tanga kesho. Beti za Burns zinapishana mizani 8 na 6, kipimo kilekile cha tenzi nyingi za kanisani, na mahadhi yoyote ya kipimo hicho yanazikubali.

Mahadhi yenyewe yana sauti tano tu: do, re, mi, so, la. Fa na ti hazimo. Kaa kwenye kinanda ubonyeze vitufe vyeusi peke yake. Wimbo wote utatoka. Ndiyo maana mtoto huushika kwa kuusikia mara mbili.

Wepesi huo uliyavusha bahari. Japani iliyaingiza katika nyimbo za shule mwaka 1881. Wakorea waliyatumia kuimbia maneno ya wimbo wao wa taifa hadi 1948, na Maldivi hadi 1972. Maskauti waliyafanya wimbo wa kufungia kambi. Sisi wa Morogoro hatuna haja ya kushangaa mahadhi yakivuka bahari. Mwanamuziki Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba walisikiliza santuri za Cuba wakazigeuza muziki wa mji huu.

Jambo lililonigusa zaidi nililiacha mwisho nilipomjibu babu. Beti za Burns hazisimulii kuagana. Zinasimulia marafiki wawili waliokimbia pamoja miteremkoni wakichuma maua na kuchezea maji ya kijito tangu asubuhi, kisha bahari ikawatenga. Sasa wamekutana tena, na mmoja anampa mwenzake mkono. Ni wimbo wa kukutana tulioupa kazi ya kuagana.

Babu alinyamaza, akautazama mlima. "Kumbe," akasema, "milima haikutani."

Mwaka huu nitawaomba wanafunzi watunge beti zao wenyewe kwa mizani 8 na 6. Miteremko wanayo, Mto Ngerengere wanao, na marafiki wa kuwatafuta baada ya miaka ishirini wamesimama nao kwenye duara.