Taa za Krismasi: Piga hesabu kabla ya kununua adapta

MSIMU wa Krismasi unapobisha hodi, maduka, makanisa na nyumba za watu katika maeneo ya majani chai, kuanzia mjini Kericho hadi Litein, Sotik na Bomet, huanza kupambwa kwa taa za rangi.

Miongoni mwa taa zinazouzwa siku hizi ni zile za LED za pikseli. Katika taa hizi, kila pikseli ina kijisehemu chake cha kielektroniki, kwa mfano WS2811, kinachoiwezesha kuamriwa peke yake iwake nyekundu, kijani, buluu au mchanganyiko wa rangi hizo.

Hata hivyo, taa hizi hazichomekwi moja kwa moja kwenye soketi. Umeme unaofika nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240, ilhali pikseli nyingi huhitaji volti 5 au 12 za mkondo mnyoofu, kama ule wa betri. Kazi ya kuupunguza na kuubadilisha umeme huo hufanywa na adapta.

Anayechagua adapta kwa kutazama bei pekee hujitafutia hasara. Iliyo dhaifu huchemka, taa hufifia, na ikiwa imefichwa penye mbao au mapazia, moto waweza kuzuka.

Volti zilingane

Jambo la kwanza ni kusoma volti zilizoandikwa kwenye taa. Taa za volti 5 zikiunganishwa na adapta ya volti 12 huungua papo hapo. Zile za volti 12 zikipewa volti 5 hazitawaka ipasavyo.

Adapta nyingine za chuma zina swichi ndogo ubavuni yenye maandishi 115 na 230. Hapa nchini, swichi hiyo sharti iwe kwenye 230 kabla ya kuchomeka plagi. Ikisahauliwa kwenye 115, adapta hupasuka.

Hesabu ya ampea

Pikseli moja ina taa tatu ndogo ndani yake, na kila moja huvuta takriban miliampea 20. Zote zikiwaka kwa pamoja ili kutoa rangi nyeupe, pikseli hiyo huvuta miliampea 60, yaani ampea 0.06. Kwa kuwa viwango hutofautiana, thibitisha kwenye maelezo ya bidhaa unayonunua.

Chukua mfano wa duka lenye pikseli 200 za volti 5. Zidisha 200 kwa 0.06, upate ampea 12. Zidisha tena kwa volti 5, upate wati 60.

Usinunue adapta ya wati 60 kamili. Haifai kuitumikisha zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, kwani joto hufupisha maisha yake. Gawanya 60 kwa 0.8, upate wati 75. Adapta ya ampea 15 yatosha, na ya ampea 20 ni bora zaidi. Adapta yenye ampea nyingi haiunguzi taa, kwa maana taa huvuta kiasi zinachohitaji tu.

Kwa taa za volti 12, pikseli 200 za aina inayovuta ampea 0.06 kila moja hutumia wati 144, nazo zahitaji adapta ya wati 180 au zaidi. Sehemu kubwa ya umeme huo wa ziada hupotea kama joto.

Umbali hupunguza nguvu

Kwa nini basi mtu anunue taa za volti 12? Jibu ni umbali. Umeme hupungua kadiri unavyosafiri katika waya.

Waya wa shaba wenye unene wa milimita 1 ya mraba, ukibeba ampea 3 kwa umbali wa mita 10, hupoteza takriban volti 1 kwenda na kurudi. Kwenye volti 5, hiyo ni sehemu moja kwa tano. Kwenye volti 12, haifiki sehemu moja kwa kumi.

Dalili yake ni rahisi kutambua. Nyeupe ya taa za mwisho hugeuka manjano au nyekundu, kwa sababu buluu na kijani huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu. Tiba si kununua adapta kubwa zaidi, bali kupeleka waya mwingine wa umeme hadi katikati au mwisho wa mstari, kwa kawaida kila baada ya pikseli 50 kwa taa za volti 5.

Ukitumia adapta mbili, unganisha waya zake hasi lakini usiunganishe zile chanya. Kila mstari uwe na fyuzi yake.

Mvua, ukungu na radi

Desemba huwa na mvua pungufu kuliko Aprili na Mei, lakini katika nyanda za Kericho na Bomet mvua ya alasiri, radi na ukungu si mambo ya ajabu. Taa za nje ziwe na alama ya IP65 au IP67, inayoonyesha kuwa zinastahimili maji.

Adapta ya chuma yenye matundu haikutengenezewa mvua. Iweke ndani ya nyumba, au katika kisanduku kisichoingiza maji lakini chenye nafasi ya kutosha kutoa joto. Isifunikwe kwa karatasi ya nailoni. Waya wake wa kutuliza umeme ardhini uunganishwe, na saketi ya nje iwe na swichi inayokata umeme unaovuja ukifika miliampea 30.

Katika plagi, adapta ya wati 100 haihitaji fyuzi ya ampea 13. Ya ampea 3 yatosha.

Umeme unapopotea

Mwaka wa 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima Agosti 25 na tena Desemba 10, msimu wa sherehe ukiwa umeanza. Hatari huwa pale unaporejea ghafla na kwa nguvu nyingi. Kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme, huweza kuiokoa adapta pia.

Asiye na umeme wa gridi anaweza kutumia betri ya sola. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, huwasha pikseli 100 za volti 12 kwa takriban saa nane zikiwa nyeupe kabisa, na zaidi ya hapo mwangaza ukipunguzwa. Tumia kifaa cha kudhibiti volti, kwa kuwa betri inayochajiwa hupita volti 14.

Hatimaye, tafuta alama ya Kebs kwenye adapta, na uunganishaji wa volti 240 uachiwe fundi mwenye leseni ya Epra. Mapambo huondolewa Januari, lakini nyumba iliyoungua haijengwi kwa mwezi mmoja.