Mjane wa Uingereza ya kale na theluthi yake ya shamba

Mume akifa, nani anabaki na shamba? Swali hili, ambalo mabaraza yetu ya ardhi hulisikia kila mara, liliwasumbua pia wanawake wa Uingereza miaka 800 iliyopita.

Wakati huo mke hakuwa na sauti juu ya mali. Vyombo na mifugo aliyokuja nayo ilikuwa ya mume, ardhi yake ilisimamiwa na mume, na kwa kawaida hakuweza kufungua kesi ya mali peke yake. Ajabu ni kwamba nafasi yake ilifunguka akishafiwa. Sheria ya ufalme ilimpa mjane theluthi ya ardhi ya marehemu, ailime au aikodishe maisha yake yote. Kuiuza kabisa hapana. Akifa ilirudi kwa warithi wa mume. Wakulima waliokuwa chini ya bwana wa ardhi walifuata mila ya kijiji: pengine theluthi, pengine nusu, pengine shamba lote. Sehemu nyingi, mjane akiolewa tena alilipoteza.

Lakini kupewa haki na sheria ni jambo moja, kukabidhiwa shamba ni jingine. Wajane wengi walilazimika kuwashtaki warithi, hata watoto wa kambo. Wale matajiri walikuwa na balaa lao: mfalme aliweza kumwoza mjane kwa mtu anayetaka kumtunza. Mwaka 1212, Hawise, mwanamke wa ukoo mkubwa aliyefiwa na waume watatu, aliahidi kumlipa Mfalme John marki 5,000 ili apate urithi wake na asilazimishwe kuolewa. Hizo zilikuwa zaidi ya pauni 3,300, mali ya kutisha enzi hizo.

Mwaka 1215 wakuu walioasi walimbana John akubali hati ya Magna Carta. Humo iliandikwa kwamba mjane apewe haki yake bila kutozwa kitu, akae nyumbani kwa marehemu siku 40 huku sehemu yake ikitengwa, na asiozwe kwa nguvu. Akitaka mwenyewe kuolewa, bado aombe ruhusa.

Mjane maskini wa kijijini hati hiyo haikumfikia sana. Yeye alilima, akafuga, akapika pombe ya shayiri na kuiuza. Wanawake wengi wa aina yake tunawajua leo kwa majina kwa sababu makarani wa mabaraza waliandika faini walizotozwa kwa pombe hiyo.