Pedeli Haijafa, Imesahau Sifuri Yake

Hebu simama dakika moja kwenye duka la nafaka pale Kariakoo, pembeni ya Mtaa wa Msimbazi. Sahani ya mizani ikiwa tupu, mshale unatakiwa usimame kwenye sifuri. Ukisimama kwenye robo kilo, wewe mnunuzi umeshapigwa hata kabla mchele haujamwagwa. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo huhakiki mizani za wafanyabiashara: kipimo chochote, hata kiwe kizuri namna gani, huhama kidogo kidogo kadiri kinavyotumika.

Pedeli ya haihati kwenye dramu za kielektroniki nayo ni mizani. Inapima mguu wako.

Tuseme umenunua seti ya mtumba. Umepanga chumba kimoja na majirani mko ukuta kwa ukuta, kwa hiyo umechagua dramu za kielektroniki ili uvae hedifoni ujifunze bila ugomvi. Unakanyaga pedeli, unapiga. Badala ya "chk" fupi na kavu, unasikia "tshaaa", kana kwamba hujakanyaga kabisa. Fundi anakuambia, "Bosi, hii imekufa, tafuta nyingine." Usitoe hela kwanza.

Pedeli inajua nini hasa?

Haihati ya kawaida ni matoazi mawili yanayotazamana juu ya stendi. Ukikanyaga yanabanana, sauti inakatika. Ukiachia yanalia kwa muda. Kwenye seti nyingi ndogo za kielektroniki matoazi hayo hayapo. Kuna pedi moja ya raba juu, na pedeli chini iliyounganishwa kwa waya. Ndani ya pedeli kuna kihisi, na katika nyingi za bei nafuu ni kifaa ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika unapokanyaga. Moduli, yaani lile boksi lenye sauti, hupitisha umeme mdogo, hupima volti, kisha huzigeuza kuwa namba.

Kwa hiyo kwenye ule waya hakuna kitu kinachoitwa "kufunga" wala "kufungua". Kuna namba tu. Moduli inazilinganisha na ncha mbili ilizofundishwa, juu na chini, halafu inazipanga upya kwenye ngazi ya 0 hadi 127. Ngazi hiyo inatokana na MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki vimekuwa vikiongea tangu 1983. Baada ya hapo ndipo moduli inachagua sauti. Kwenye mpangilio wa kawaida wa MIDI, noti 42 ni haihati iliyofungwa, 46 iliyo wazi, na 44 ni sauti ya kukanyaga pedeli yenyewe.

Hesabu ndogo

Tuchukue mfano. Seti ikiwa mpya, mguu ukiwa juu kihisi kinasoma 880, ukikanyaga mpaka mwisho kinasoma 210. Tofauti ni 670. Moduli imefundishwa kuwa 880 ni 0, na 210 ni 127. Pia imeambiwa kuanzia 120 kwenda juu ihesabu kwamba haihati imefungwa.

Miaka miwili inapita. Sponji ya ndani imelala, na sasa ukikanyaga mpaka mwisho unafika 300 tu. Umesafiri hatua 580 kati ya 670. Zidisha kwa 127, unapata 110. Mguu wako umefika chini kabisa, lakini moduli inaona 110, haioni 120. Haihati haitafunga hata ukanyage kwa hasira. Ifundishe upya kuwa 300 ndiyo mwisho, na itafunga palepale.

Jinsi ya kuifundisha

Kwanza, weka pedeli mahali utakapopigia kweli, juu ya zulia lilelile. Pedeli iliyopinda inasoma tofauti.

Pili, washa moduli bila kugusa pedeli, ili isome nafasi ya juu kwa usahihi.

Tatu, ingia kwenye menyu ya haihati. Rekodi nafasi ya juu mguu ukiwa umeachia kabisa, kisha nafasi ya chini. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanakanyaga kwa nguvu zote. Ukifanya hivyo, umeiambia moduli kwamba kufunga ni mpaka utoke jasho. Kanyaga kama unavyokanyaga katikati ya wimbo.

Nne, acha nafasi kidogo kwenye kila ncha. Mguu haurudi mahali palepale kila mara, na umeme wa kihisi nao hutetemeka. Bila nafasi hiyo, haihati itakuwa inajifungua yenyewe.

Kama moduli yako haina menyu ya ncha mbili, tafuta mpangilio wa wepesi wa pedeli. Unafanya kazi inayokaribiana na hiyo.

Na kama imekufa kweli?

Kufundisha upya kunaponya kipimo kilichohama. Hakuponyi kihisi kilichochakaa. Namna ya kutofautisha ni rahisi: chomoa waya, weka multimita kwenye kipimo cha omu, gusisha ncha ya jeki na shina lake, halafu kanyaga taratibu. Namba zikipanda au kushuka kwa utulivu, kihisi ni kizima. Zikirukaruka au zikikatika katikati, rudia kwa waya mwingine kabla ya kumlaumu kihisi. Angalizo: kipimo hiki hakifai kwa pedeli zinazotumia mwanga au sumaku, kwa sababu zinahitaji umeme ili zisome.

Siku nyingine ukienda kununua seti ya mtumba, omba iwashwe, fungua menyu, kanyaga mara kumi huku ukitazama namba. Sauti unaweza kuirekebisha nyumbani. Namba zinazorukaruka, mwachie muuzaji.