Shimba Hills: Huko Yatokako Maji Yetu

Mama watoto aliponishauri kwamba likizo hii tuwapeleke watoto Shimba Hills, nilimjibu kuwa kutazama wanyama ni shughuli ya watalii. Akaniuliza, "Na hayo maji unayotawadhia, Maalim, wajua yatoka wapi?" Nikanyamaza.

Basi tulivuka Likoni asubuhi, tukapanda hadi Kwale, mwendo wa yapata kilomita 33 kutoka Mombasa. (Masafa hayo hayafikii ya kupunguza sala, adhuhuri tuliisali rakaa nne.) Joto la mjini tuliliacha chini. Vilima hivi huupokea upepo wa baharini, na asubuhi ukungu hutanda juu ya miti. Mvua huzama ardhini chini ya msitu, kisha hutoka polepole katika chemchemi na vijito. Chemchemi za Marere, zilizomo humo, huwanywesha watu wa Kwale na sehemu ya Mombasa. Bila ya miti, mvua hiyo ingeporomoka mara moja na udongo wake.

Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1968. Ndiyo makao ya palahala waliobakia Kenya. Kwengineko nchini hutawaona. Tulisubiri saa nzima, wadogo wakaanza kunung'unika, hata binti yetu akaashiria ukingoni mwa msitu. Walikuwa watano, wenye matumbo meupe na pembe ndefu zilizopinda nyuma mfano wa majambia. Hakuna aliyesema neno mpaka walipoingia mitini.

Kwenye maporomoko ya Sheldrick hushukwa kwa miguu, pamoja na askari wa wanyamapori, kwa sababu ya ndovu. Kushuka ni rahisi. Kupanda kulinikumbusha umri wangu. Akina mama wavae viatu vya kufunga, na buibui lisiburute. Tulitawadha hapo kijitoni, maji baridi, safi. Binti akauliza, "Baba, yakiwa mengi hivi, mbona mfereji wetu hukauka?"

Nilimweleza kuhusu mabomba, na watu walioongezeka, na mashamba yaliyouzunguka msitu pande zote. Hakuridhika. Alitaka kujua nani hukata miti, na sisi makaa yetu twanunua kwa nani. Mama yake akanitazama. Makaa yetu huletwa mlangoni kwa gunia, na katika miaka yote hiyo sijapata kumuuliza muuzaji alikoyachoma. Ijumaa atakuja tena.